Roboti huingia tanuri, binadamu haingii

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa nani apelekwe anga za juu, mtu au roboti, tunaishia kwenye fedha na roho za watu. Wa upande wa roboti hutukumbusha wanaanga saba waliokufa katika chombo cha Challenger mwaka 1986 na saba wengine wa Columbia mwaka 2003. Wa upande wa mtu hujibu kwamba mashine haina jicho la kushtuka. Ni hoja za haki zote. Yangu ni nyingine, nayo ni uchafu.

Sina ugomvi na wanaanga. Desemba 1972 mwanajiolojia Harrison Schmitt wa Apollo 17, safari ya Wamarekani, alikuwa akitembea Mwezini, kijivu kila upande, mara akaona udongo wa rangi ya chungwa. Ulikuja kubainika kuwa ni vipunje vya kioo vilivyorushwa na volkano zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita. Sidhani roboti ya zama zile ingesimama hapo. Safari sita za Apollo zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo, ilhali Luna 16 ya Wasovieti, isiyo na mtu, ilileta gramu 101 mwaka 1970. Kwa hiyo watu na waende Mwezini, hata kesho.

Sayari ya Mirihi ni habari nyingine. Kule maji yaliwahi kutiririka, na hadi leo hatujui kama kuna kilichowahi kuishi, au kinachoishi bado chini ya udongo. Mtu ana bakteria matrilioni ngozini, mdomoni na tumboni. Vyombo viwili vya Viking vya kutua Mirihi bila mtu, kabla ya kurushwa mwaka 1975, vilitiwa tanurini vikapashwa joto la zaidi ya nyuzi 100 kwa saa nyingi ili visibebe kijidudu. Mwanaanga utamtia tanuri gani? Anapumua, anatoa jasho, anakwenda haja, na vazi lake halikosi kuvuja japo kidogo. Siku tukikuta kiumbe hai kule, tutabaki kubishana kama ni mwenyeji au ni mgeni tuliyekwenda naye wenyewe.

Wanaorusha vyombo wanalijua hili vizuri. Mwaka 2003 Galileo, chombo kisicho na mtu, ilitumbukizwa makusudi ndani ya sayari ya Mshtarii isije ikaiangukia Europa, mwezi unaoaminika kuwa na bahari chini ya barafu. Cassini, chombo kingine kama hicho, nayo ikateketezwa katika anga ya sayari ya Zohali mwaka 2017, kwa kuhofia kuichafua miezi yake Enceladus na Titan. Tuliunguza vyombo vya thamani kubwa kwa tahadhari tu, sasa pupa hii ya Mirihi imetoka wapi?

Nakubali roboti ni kobe. Amri ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi. Spirit, roboti ya magurudumu, ilinasa mchangani kule mwaka 2009, hapakuwa na wa kuisukuma. Pacha wake, Opportunity, iliyopangiwa siku 90, ilidumu kuanzia 2004 hadi 2018, lakini miaka yote hiyo ilitembea kilomita 45 tu. Wanaanga wa Apollo 17 walikwenda kama 35 kwa siku tatu, tena wakisimama kila mara kuokota mawe.

Dawa ya ukobe huo ipo, na haihitaji mtu kukanyaga Mirihi. Phobos, mwezi wake mdogo, unazunguka kilomita 6,000 hivi kutoka usoni pake. Wapelekeni wanaanga hapo, waziendeshe roboti zilizokwisha kupita tanurini. Amri itafika kabla hawajapepesa jicho, na viatu vyao vitabaki na vumbi la Phobos peke yake.

Msomaji wako