Nyumba za Mji Mkongwe hazitaki saruji

Bwana Mhariri,

Kila masika Mji Mkongwe wetu huomboleza ukuta ulioanguka au roshani iliyomeguka, na kila mara anayelaumiwa ni mvua. Nami nilikuwa nikiilaumu mvua hiyohiyo, mpaka yalipotufika nyumbani.

Nyumba yetu ya urithi iko Mkunazini. Kuta zake ni nene kama zilivyo nyingi za hapa, mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Miaka tisa nyuma tulimwita fundi. Akaibandua lipu ya zamani kwa tindo, akapiga ya saruji ukumbi mzima kwa siku nne, na juu yake akapaka rangi ya mafuta. Ukuta ukawa mgumu, unang'aa, majirani wakaja kuutazama. Masika ya pili ukaanza kutoa unga mweupe chini karibu na sakafu, kisha malengelenge. Ukiugonga kwa kidole ulilia kama debe tupu. Lipu ilipodondoka iliondoka na mawe yake. Dari nalo: nilichomeka kisu cha jikoni kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, kikazama mpaka mpini.

Fundi yule sina ugomvi naye. Alijenga kama alivyofundishwa kujenga kwa matofali ya saruji. Jiwe letu ni jengine. Hunyonya maji kutoka ardhini, na lina chumvi ya bahari tangu lilikotoka. Chokaa huyaacha maji yale yatoke nje kidogo kidogo na ukuta ukakauka. Saruji huyafungia ndani. Yakikosa pa kutokea hupanda juu, yakafika kwenye boriti, na chumvi ikiganda nyuma ya lipu huisukuma mpaka ibanduke.

Mwaka jana nilimpata mzee mmoja wa Malindi, fundi wa chokaa tangu ujana wake. Siku ya kwanza hakushika mwiko kabisa. Aliniagiza mapipa mawili, akaloweka chokaa, maji yakasimama juu yake, akaniambia tuonane baada ya wiki sita. (Mke wangu alidhani nimetapeliwa.) Aliporudi, chokaa ilikuwa laini kama siagi. Ukuta ukaroweshwa kwanza, lipu ikapigwa nyembamba, ikaachwa ishike, kisha mkono wa pili, na wa tatu. Mchana tulitundika magunia mabichi ili jua lisiipasue. Rangi ya mafuta aliikataa katakata. Juu ya chokaa, alisema, hupakwa chokaa.

Najua hoja ya upande wa pili. Mfuko wa saruji upo kila duka na kazi huisha upesi, na mwenye wapangaji hawezi kungoja wiki sita. Wala sitaki tanuri za kuchomea matumbawe yawe chokaa zirudi kila pwani, maana zinakula kuni na miamba. Lakini chokaa tuliyoloweka ilikuwa ya mfuko, ya dukani. Kilichokuwa adimu ni yule mzee.

Beit al-Ajaib, kasri la 1883 hapa Mji Mkongwe, lilipoporomoka sehemu Disemba 25, 2020, watu wawili wakafa na nchi nzima ikazungumza. Sisemi kuwa lile liliangushwa na saruji. Nasema tuliangalia kasri moja, ilhali mji ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 ni nyumba za watu: za urithi wenye warithi ishirini, za wakfu, za kupangisha. Huko ndiko lipu inakopigwa kila siku bila ya mtu kuuliza ndani yake mna nini. Mikataba ya matengenezo iandike "chokaa" kwa jina, isiandike "lipu" tu. Na vyuo vya ufundi viwapeleke vijana kwa wazee hawa wangali hai, kwani kushika mwiko wa chokaa hakufundishiki ubaoni.

Kwetu ukumbi umekwisha, ghorofa ya juu bado. Mpwa wangu ndiye anayepiga lipu sasa. Mzee anakaa kitini akimkosoa. Amesema anaweza kupokea vijana wawili zaidi. Anayetaka aje na mwiko wake.

Mkaazi wa Mkunazini,
Unguja