Swichi ya feni ya rejeta sio mbaya, ubaya ni kuruka rilei

Mhariri, naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu wa hukuhuku Tabora aliyeandika juzi kwamba feni ya rejeta ya Carina yake ilikuwa inagoma, fundi akamuungia swichi kwenye dashibodi, sasaivi anaiwasha mwenyewe akitaka na maisha yanaendelea, akashauri na wengine tufanye hivyo. Mimi ni fundi umeme wa magari na hizo swichi nazifunga, kwahiyo swichi yenyewe siipingi. Ninachopinga ni zinavyofungwa hapa mjini, maana gari zinazoletwa kwangu nikifungua dashibodi nakuta waya umetoka betri umeingia kwenye kiswichi cha taa alafu umeenda feni, basi, fyuzi hakuna, rilei (kile kiboksi kinachowasha feni kwa niaba ya swichi) hakuna, na waya wenyewe ni ule wa kufungia taa za nyumba wa milimita 1.5, wenye shaba moja ngumu ambayo gari ikitikisika sana inakatikia ndani kwa ndani na kwa nje huoni kitu.

Feni ya gari ndogo inakula kama wati 120 mpaka 240 hivi. Gawa kwa volti 12 za betri unapata ampea 10 mpaka 20, na pale inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hapo kwa kitambo kidogo. Sasa geuza hicho kiswichi usome nyuma, utakuta ampea 6 au 10, na hiyo namba mara nyingi ni ya umeme wa nyumbani, umeme wa betri cheche yake haizimiki upesi kwahiyo inakula midomo ya swichi zaidi. Ndo maana plastiki inalainika, harufu inaanza, dereva anafikiri ni klachi.

Rilei kazi yake ndo hiyo, kubeba mzigo mkubwa kwa amri ndogo. Zile za kawaida zinazouzwa madukani zina miguu minne imeandikwa chini 30, 87, 85 na 86. Moto wa betri, yaani upande wa chanya, upite kwanza kwenye fyuzi, feni nyingi fyuzi ya ampea 30 inatosha, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri sio huko kwenye dashibodi, maana kipande cha waya kilichopo kabla ya fyuzi hakina mlinzi, kikigusa bodi kinawaka na betri haina huruma. Kutoka fyuzi ingia 30, toka 87 nenda feni kwa waya wa gari wa nyuzi nyingi, milimita 4 ndo napenda mimi, alafu mguu wa pili wa feni uende hasi. 86 ipate moto wa swichi ya kuwashia gari ili ukizima gari na feni ilale, na 85 iende hasi kupitia kiswichi chako cha dashibodi. Hapo kiswichi kinabeba hata robo ya ampea hakifiki, weka kidogo unavyotaka, hata kile kizuri chenye taa ya bluu wateja wanachokipenda. Na angalia feni inavuta hewa kuelekea injini, ukigeuza waya inazunguka kinyume inapigana na upepo wa safari, nimeshaona gari zinatembea hivyo na mwenye gari anasema feni nzima mbona inazunguka.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu hasa ni ile sentensi ya msomaji kwamba anaiwasha mwenyewe akitaka. Akitaka! Na siku akimpa gari shemeji aende Urambo? Siku anaongea na simu? Geji ya temprecha watu wengi hawaiangalii mpaka moshi utoke, na hedi, yaani kichwa cha injini, za siku hizi ni aluminiamu, ikichemka sana inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, unaanza kutafuta wa kuskimu hedi, yaani kuisawazisha, na kwa hela hiyo ungenunua rilei za ukoo mzima. Swichi iwe msaidizi wa sensa, ile inayopima joto na kuwasha feni yenyewe, isiwe mbadala wake.

Na kabla hujaunga chochote, pima kwanza kilichokufa ni nini. Toyota nyingi za miaka ya 90, Corolla na Carina zimo humo, sensa ya feni imefungwa kinyume na watu wanavyodhani, injini ikiwa baridi imefunga mzunguko wa umeme na ikipata joto inaachia, ndo feni inawaka. Maana yake washa swichi ya gari, chomoa soketi ya sensa, feni ikizunguka basi feni nzima, rilei ya kiwandani nzima, waya mzima, kilichokufa ni sensa tu. Hapo hata rilei nyingine huhitaji, badilisha sensa, na kama roho inataka swichi basi ikatize huo waya wa sensa, ukizima swichi feni inazunguka, ukiiacha kama ilivyo sensa inafanya kazi yake. Uzuri wake ni kwamba hata waya huo wa sensa ukikatika porini feni inabaki inazunguka. Wajapani walifikiria hilo zamani, sisi tunakuja na koleo tunakata.

Wengine watasema Tabora hakuna foleni feni ya nini. Kwenye lami ya kwenda Nzega ukiwa spidi 80 kweli upepo unatosha, na gari ikichemsha katika spidi hiyo usiiguse feni, tafuta rejeta iliyoziba, wota pampu au maji yaliyopungua. Ila ukiingia kwenye mchanga wa vijiji vya tumbaku huko Kaliua mwezi wa kumi, gia namba moja, abiria wanataka AC, hapo feni ndo kila kitu. Huku juu tuko karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwahiyo mfuniko wa rejeta ukiwa umechoka haushiki presha gari ya Tabora inachemsha mapema kuliko ya Dar. Mfuniko mpya ni hela ndogo. Na thamostati, ile valvu inayoongoza maji ya injini kufuata joto, msiitoe jamani, hilo nitaandika siku nyingine maana nikianza sitamaliza.

Kwa huyo msomaji wa Carina, namwomba afanye jambo moja leo jioni. Awashe feni yake iende robo saa, alafu ashike ile swichi na waya wa nyuma yake kwa vidole. Ukiwa na joto hata kidogo rilei haipo kwenye njia, akachomoe huo waya betri kabla hajalaza gari ndani ya uzio, na kesho amrudishie fundi wake amalizie kazi aliyolipwa.

Fundi umeme wa magari,
Cheyo, Tabora