Zuhura, tafuta wa kwenda naye

Marahaba mwanangu. Sisi huku wazima, ila joto la Januari unalijua, hata usiku feni inazungusha hewa ya moto tu. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama hiyo barafu unayokanyaga ina wenyewe. Nimemwambia ina wenyewe, ni Waaustria.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye daladala nikitoka Kariakoo. Mama mmoja tuliyekaa naye akaniuliza huyo binti anasema anaenda wapi. Nikamwambia anapanda mlima wa barafu Jumamosi, peke yake, halafu anateremka na ubao miguuni. Akasema, "Mungu amlinde," akashuka Magomeni. Yeye kashuka na mambo yake, mimi nikabaki na yangu.

Sikukatazi mlima. Mjomba wako ndiye anayetaka nikukataze, eti mtu wa Temeke na theluji wapi na wapi. Hayo mimi sina. Umefika Innsbruck, umejifunza, umeanguka ukainuka, na sauti yako ukizungumzia huo mchezo inanipa raha. Ninachokataa ni kwenda peke yako, na naomba unisome kwanza kama nesi, umama utafuata.

Mtu aliyefukiwa na poromoko la theluji mara nyingi hafi kwa baridi. Anakufa kwa kukosa hewa. Pumzi anayoitoa inamrudia yeye mwenyewe, na ile theluji iliyo mbele ya mdomo inayeyuka kidogo kwa joto la pumzi, kisha inaganda tena na kumzibia. Akifukuliwa ndani ya robo saa ya mwanzo, matumaini yapo. Baada ya hapo yanashuka vibaya. Helikopta haiwezi kuitwa, kuruka, kukutafuta na kukuchimba kwa muda huo. Anayeweza ni yule mliyeongozana naye.

Ulinieleza kuhusu kile kifaa unachojifunga kifuani, kwamba vyote vinatumia mawimbi ya kilohezi 457 ili cha mmoja kisikike kwenye cha mwingine. Haya, Jumamosi chako kitasikika kwenye cha nani? Koleo unalo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji unayo, na nilifurahi ulivyonifafanulia kwa kunionyesha kila kimoja kwenye video. Lakini hivyo ni vya kumfukua mwenzio. Aliyevibeba akifukiwa navyo, vinalala naye chini.

Halafu huko unakokwenda kuna nyufa. Mto wa barafu, yaani ile barafu nene iliyolala juu ya mlima, unatembea, polepole lakini unatembea, na unapopita juu ya mwamba wenye mgongo unapasuka. Upepo unaleta theluji juu ya ufa, panakuwa na kifuniko, na kwa juu pote ni peupe sawasawa. Mwezi huu vifuniko vingi bado ni vyembamba. Ubao unatawanya uzito wako, ndiyo maana mtu anaweza kuteleza juu ya ufa asijue. Akiuvua ili arekebishe zile ngozi za kupandia, zinazobandikwa chini ya ubao usiteleze kurudi nyuma, uzito wote unaangukia kwenye buti mbili. Wanaokwenda kwa kufungana kamba wanajua sababu: mmoja akizama, mwingine anamzuia, kisha anamvuta. Wewe kamba yako utamfungia nani?

Siku hizi nasoma taarifa ya maporomoko ya Tirol, jimbo lenu hilo. Inatoka saa kumi na moja jioni kwenu, yaani saa moja usiku hapa, kwa hiyo naimaliza kabla ya taarifa ya habari. Nimeona viwango vya hatari ni vitano. Nilidhani cha 3 kiko katikati tu, si cha kuogopa, kumbe kwenye milima yenu ya Alps vifo vingi hutokea siku za kiwango cha 3, kwa sababu watu wengi wanafikiri kama nilivyofikiri. Na miteremko inayoporomoka zaidi ni ya kati ya nyuzi 30 na 45, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayowanogea ninyi wenye ubao. Mara nyingi anayeifyatua ni huyo huyo anayepita juu yake.

Umesema nisiwe na wasiwasi kwa kuwa utaniachia ramani na saa ya kurudi. Zuhura, hapo ndipo hasa nilipokosa usingizi. Jua kwenu Januari linazama kwenye saa kumi na moja hivi. Tuseme jioni hiyo hujarudi, nimekaa na simu mkononi. Kikosi cha uokoaji mlimani cha Austria kinaitwa kwa 140, namba ambayo kutoka Dar haifiki huko. Nikipiga 112, nitapokelewa na polisi wa hapa hapa Tanzania. Niwaambie nini? Mwanangu yuko kwenye barafu Ulaya? Kuniambia mimi ni heshima, nakushukuru, lakini kwa kazi hiyo mimi si mtu wa kuambiwa.

Hata Kibo, mlima wa kwetu, hifadhi haimruhusu mtu kupanda bila mwongozaji, na huko hakuna hata maporomoko kama ya kwenu. Sijasikia mtu akisema Wachaga ni waoga.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Kama rafiki yako wa kupanda naye ana mtihani, msubiri hadi wiki inayofuata, mlima hauhami. Kama Jumamosi lazima uteleze, nenda kwenye njia zilizotengenezwa, zenye lifti na walinzi, ambako mtu akianguka kuna anayepita. Na kokote uendako, awepo mtu wa hapo hapo Innsbruck anayejua umepita wapi na saa ngapi apige 140. Simu iweke ndani karibu na mwili, baridi inamaliza betri. Ikigoma, ishara ya msaada ni mara sita kwa dakika, kwa filimbi au tochi, unapumzika dakika moja, unaanza tena.

Miwani usivue hata kukiwa na mawingu, na mafuta ya jua pakaa mpaka chini ya kidevu, maana theluji inarudisha miale kutoka chini. Weusi wetu unasaidia kidogo, si mwavuli. Nimewahi kuona macho yaliyoungua kwa mwanga wa kuchomelea vyuma, mgonjwa analia kama ametiwa mchanga, na ya theluji ni maumivu ya aina hiyo hiyo.

Nitumie jina na namba ya huyo mtu wako kabla ya Ijumaa jioni. Kama anajua Kijerumani tu, hajui Kiingereza, usijali, binti wa jirani yetu anasoma Kijerumani chuoni, atanisaidia kuongea naye.

Mama yako