Kibwana apimwe kwa sahihi za wanavijiji, si kwa majengo

Mhariri,

Uchaguzi wa 2027 unanukia na sifa za magavana zimeanza kumwagwa: huyu kajenga soko, yule kaweka taa za barabarani, mwingine kapamba lango la mji. Jina la Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni, halikosi katika orodha hizo. Likitajwa, hufuatwa mara moja na hospitali ya mama na mtoto ya mjini Wote yenye vitanda 200, kisha kiwanda cha maembe cha Kalamba. Mimi ni mkazi wa kaunti hii, na naona wanaomsifu hivyo wanaacha kubwa wanashika dogo.

Historia yake inajulikana, nitaipitia upesi. Alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi hadi akawa mkuu wa kitivo. Mwaka 1997 alikuwa miongoni mwa vinara wa vuguvugu la NCEC waliodai mabadiliko ya katiba, enzi ambazo kuandamana kulimaanisha rungu na vitoa machozi. Akaingia Bungeni 2002, akawa waziri wa Mazingira na baadaye wa Ardhi chini ya Mwai Kibaki. Mwaka 2007 wapiga kura wakampumzisha, naye akawa mshauri wa Rais. Aliyekuja kuomba ugavana 2013, basi, alikuwa ameijua serikali akiwa barabarani na akiwa ndani.

Wengi wamesahau jinsi muhula wake wa kwanza ulivyoanza vibaya. Gavana na wawakilishi wadi walivutana juu ya bajeti hadi kazi zikakwama. Septemba 2014 risasi zilifyatuliwa kwenye bunge la kaunti mjini Wote na watu wakajeruhiwa. Wakazi wakaanza kukusanya sahihi kuomba serikali ya kaunti ivunjwe kwa mujibu wa Kifungu 192 cha Katiba. Kumbuka kwamba kaunti ikivunjwa, gavana naye anaangukia nje na watu wanarudi debeni. Kibwana aliliunga mkono ombi hilo. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ikasikiliza pande zote, ikapendekeza kaunti ivunjwe, lakini Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa. Linganisha na Kiambu na Nairobi, ambako mwaka 2020 magavana waling'olewa na Seneti huku wakiving'ang'ania viti vyao. Sisemi gavana wetu hakuwa na lake katika mvutano ule. Pengine mtu aliyezoea kusahihisha mitihani hupata shida kupingwa na wanafunzi. Lakini alikuwa tayari kurudi kwa mwajiri wake akaulizwe upya, na hao si wengi.

Kilichojengwa baada ya vurugu zile ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kaunti zote 47 husema zinawashirikisha. Kwingi mambo huwa hivi: tangazo linatoka, hema linapigwa uwanjani, watu wanaandika majina na nambari za vitambulisho, wanapewa soda na nauli, na bajeti inapita ilivyoletwa. Karatasi ya mahudhurio inawekwa kwenye faili, ushahidi wa kuonyesha mahakamani iwapo mtu atashtaki.

Makueni mkutano ulianzia kijijini. Tuna wadi 30 na vijiji zaidi ya 3,000. Kila kijiji kilitaja mahitaji yake kwa kufuatana na uzito, kikayapeleka kwa kundi la vijiji jirani, kutoka hapo yakapanda hadi wadi, kaunti ndogo, na mwisho kaunti. Waliotaka kisima iliwabidi kuwashawishi waliotaka zahanati. Ni kazi ya kuchosha, yenye kelele nyingi, na wapo waliokuwa wakiondoka wamenuna. Hata hivyo, aliyeshindwa alijua kashindwa na nani, na kwa sababu gani.

Mradi ukishapita, wenyeji walichagua kamati ya kuusimamia. Kamati ilipaswa kujua kiasi cha fedha, vipimo na muda wa kazi. Halafu likaja sharti ambalo kwangu linazidi hospitali na kiwanda: mkandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi kwamba ameridhisha.

Niliwahi kusimama pembeni kamati moja ikikagua madarasa mapya ya chekechea. Rangi ilikuwa inang'aa na mkandarasi alikuja na karatasi zake tayari, kalamu mkononi. Mama mmoja wa kamati akaokota msumari chini, akakwaruza ukuta karibu na dirisha, plasta ikamiminika kama unga. Mkandarasi akasema hayo ni ya injinia kuamua. Yule mama akamjibu kwa Kikamba kwamba injinia hana mtoto atakayesomea pale. Hakuna aliyetia sahihi siku hiyo. Ukuta ulibanduliwa, ukapigwa plasta upya, na safari hii saruji ilihesabiwa gunia kwa gunia watu wakishuhudia. Mkaguzi kutoka Nairobi angefika miaka miwili baadaye, akaandika aya moja kwenye ripoti, na watoto wangekuwa wameshaanza kuokota vipande vya ukuta sakafuni.

Hata miradi inayosifiwa sana hueleweka vizuri zaidi ukiitazama kwa jicho hilo. Chukua MakueniCare, mpango wa afya ulioanza 2016. Kaya ililipa Sh500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti bila kutozwa tena, na wazee wa miaka 65 na zaidi hawakulipa chochote. Leo SHA, bima ya afya ya taifa iliyoanza Oktoba 2024, inamtaka asiye na mshahara wa mwezi alipe angalau Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Najua ulinganisho huu hauko sawa kabisa: kadi ya Makueni haikuvuka mpaka wa kaunti, na sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na hazina ya kaunti. Lakini Sh500 ni hela ambayo mama wa Kathonzweni anaweza kuitoa akiuza kuku mmoja.

Kiwanda cha Kalamba nacho kilitokana na kilio cha zamani. Maembe yetu huiva kwa wakati mmoja, kuanzia Desemba, na dalali akijua tunda litaoza mikononi mwako, bei anapanga yeye. Kusindika embe likawa rojo kunampa mkulima mnunuzi wa pili na kumtia dalali wasiwasi kidogo. Ila nisifiche: embe lina msimu, na mashine ina gharama mwaka mzima. Kiwanda kinachomilikiwa na serikali ya kaunti hakiwezi kuishi kwa sifa. Kinahitaji wanunuzi wa rojo wenye mikataba, na hapo bado pana kazi.

Jambo ambalo waandishi hawalizungumzii sana ni mchanga. Mito yetu ya msimu ilikuwa ikichotwa usiku na mchana na malori ya kupeleka Nairobi kujenga magorofa. Mchanga ndio tangi letu. Mvua ikipita, maji hujificha chini yake, na wakati wa kiangazi watu huchimba shimo kwenye mkondo mkavu wakapata ya kunywa. Mchanga ukiisha, mto unabaki mwamba na maji yote yanakimbia. Sheria ya mchanga ya 2015 iliudhibiti uchotaji huo, na Kibwana alijitengenezea maadui wenye pesa. Huwezi kukata utepe mbele ya mchanga uliobaki mtoni, ndiyo maana hauonekani kwenye picha za kampeni.

Mwaka 2022, baada ya mihula miwili, aliwania useneta akashindwa na Dan Maanzo wa chama cha Wiper. Rafiki zangu husema hiyo ni shukrani ya punda. Mimi sioni hivyo. Watu waliofundishwa kumkagua mkandarasi watamkagua na profesa, na zaidi ya hapo huku Ukambani chama kina nguvu zake. Kura ile ilihusu nani akatuwakilishe Nairobi. Haikufuta sahihi hata moja ya kamati.

Kinachonikera ni wajumbe wa kaunti nyingine wanaokuja Makueni kujifunza. Wanatembezwa, wanapiga picha kiwandani, wanakula, wanarudi kwao kuzindua kiwanda chao. Ile karatasi ya kamati wanaiacha hapa hapa, kwa sababu ndiyo peke yake inayoweza kumzuia gavana kumlipa rafiki yake.

Basi ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Waandishi wako watakapokutana na wanaotaka ugavana 2027, wasiwaulize watajenga nini. Wawaulize kama watakubali mkandarasi asilipwe mpaka wenyeji watie sahihi, kama kamati itapewa nakala ya mkataba yenye bei zote, na ni adhabu gani itampata afisa wa fedha atakayelipa bila sahihi hiyo. Majibu yao myachapishe neno kwa neno, pamoja na majina ya watakaokataa kujibu.

Mwalimu mstaafu,
Kaunti ya Makueni