Mdogo wangu, hela ya dalali usiitume

Mdogo wangu,

Ile picha uliyonirushia juzi, chumba chenye vigae vyeupe na pazia la zambarau, mimi naifahamu. Mwezi huu nimeiona mara tatu. Mwenzangu mmoja kazini aliambiwa chumba kiko Shangani, hapa hapa Mtwara. Wiki iliyofuata kikahamia Ligula, na bei ikapanda elfu ishirini. Wewe uliyepangiwa kazi hospitali ya Kanda unaambiwa kiko Chuno, hatua chache kutoka lami, na dalali anataka elfu thelathini ili akushikie. Akushikie nini, chumba chenyewe kina miguu?

Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kila zikitoka ajira mpya, simu yangu haipoi. Shemeji wa fulani kapangiwa Mtwara, mtoto wa jirani kapangiwa Newala, wote wanataka niwatafutie "apatimenti". Siku hizi chumba chochote chenye choo ndani ni apatimenti.

Mimi nilifika hapa 2012, mji ukiwa umepandwa na gesi. Kila mwenye banda alikuwa akingoja wageni wa kampuni za gesi. Wapangaji wa miaka kumi walipewa notisi ili nyumba ipakwe rangi na kodi ipande. Nililipa mwaka mzima kwa chumba cha uani, choo tukichangia watu tisa, na baba mwenye nyumba akaniambia nimshukuru Mungu. Mwaka uliofuata kukatokea zile vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Bomba likajengwa, likakamilika 2015, na wageni wengi wakaondoka. Baadhi ya majumba yaliyojengwa kuwasubiri yakapangwa na popo. Kwa hiyo ukikuta geti kubwa lina kibao cha kupangisha, usipite ukijisemea hapa si hadhi yangu. Bisha hodi. Nyumba ninayokaa sasa niliipata hivyo, na kodi yake ni ndogo kuliko ya vyumba viwili nilivyoonyeshwa na dalali huko Magomeni.

Halafu acha kuniuliza kodi ya mwezi. Kwa mwezi hapangishi mtu. Atakwambia elfu sitini, utafurahi, kisha atataka miezi sita: laki tatu na sitini. Dalali naye anachukua mwezi mmoja, elfu sitini nyingine. Laki nne na ishirini imeondoka na hujanunua hata ndoo. Mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa, na hela ya kujikimu ukiimalizia hapo utakula kwangu. Sikatai, lakini tujue mapema.

Kilichonichukua miaka kukielewa ni kwamba anayetaka miezi kumi na miwili mara nyingi ana shida ya leo. Huku wenye nyumba wengi wana mikorosho. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza na malipo kuingia, hana haraka na wewe. Anaweza kukiacha chumba wazi hadi Januari kwa kiburi tu. Lakini mwezi wa saba na wa nane, shamba linadai vibarua na dawa, na mfuko umekauka. Hapo mwenye msimamo wa mwaka mzima anashuka hadi miezi mitatu, au anachukua mwaka na kukupunguzia. Wewe unaripoti mwezi wa nane. Una bahati ambayo mimi sikuwa nayo, usiipoteze kwa kumtumia mtu hela ukiwa Singida.

Ukifika, shikamoo kwanza, bei baadaye. Mama mwenye nyumba atakuuliza kama umeolewa na kama utakuwa na wageni. Mjibu kwa upole. Nawe zunguka ukutani: alama ya maji chini ya dirisha inakueleza Februari kutakuwaje. Karibu na bahari tazama bati na nondo za madirisha, chumvi inakula chuma kimyakimya. Fungua bomba, kisha waulize wapangaji, si mwenye nyumba, maji yanatoka siku gani.

Na waulize habari ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kodi ya jengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Kisheria ni ya mwenye nyumba, ila inamkata yeyote anayenunua umeme wa kwanza wa mwezi. Nyumba yetu ya zamani tulikuwa familia nne kwenye mita moja. Ikifika tarehe mosi kila mtu anajifanya hana hela, tunakaa gizani tunasikilizana kukohoa hadi mmoja ashindwe na joto. Mwishoni tuliandika kwenye daftari nani ananunua mwezi gani, na bado kuna mtu, simtaji, aliyesafiri kila zamu yake ilipofika.

Yaandike hayo kwenye mkataba, pamoja na muda wa notisi, halafu mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Ile sheria ya 1984 iliyodhibiti kodi za pango ilifutwa 2005, kwa hiyo karatasi yako ndiyo itakayokusemea.

Kuhusu mtaa, sikushauri ukae mjini. Hospitali yako ya Kanda iko Mitengo, upande wa Mikindani, na zamu za usiku hazisubiri daladala. Tutaanza kutafuta kule kwa miguu, jioni, watu wakiwa barazani. Wanajua nani anahama kabla dalali hajajua.

Basi likipita Mnazi Mmoja ya Lindi nipigie, nitakuwa stendi ya Mkanaledi. Godoro lipo. Chandarua njoo nacho, cha wageni kimetoboka.

Dada yako.