Evelyn Preer naye aandikwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu malkia wa filamu bubu niliisoma mpaka nukta ya mwisho. Mary Pickford yumo, Lillian Gish yumo, Theda Bara yumo. Kilichonikera ni ile sentensi moja iliyopita haraka haraka, kwamba enzi zile Wamarekani weusi hawakuwa na nafasi kwenye filamu isipokuwa za utumishi, tena mara nyingi nafasi zenyewe zikichezwa na wazungu waliojipaka masizi. Kwa Hollywood, sawa. Lakini weusi walikuwa na filamu zao, walizotengeneza wenyewe na kuzitazama kwenye kumbi zao, na nyota wa huko alikuwa Evelyn Preer.

Alizaliwa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1896, akakulia Chicago. Oscar Micheaux, mkulima mweusi aliyeingia uandishi na kisha utengenezaji wa filamu, alimpa nafasi katika filamu yake ya kwanza, ya mwaka 1919. Hiyo imepotea kabisa. Iliyosalia ni Within Our Gates ya 1920, ambamo Preer ni Sylvia Landry, mwalimu anayetoka Kusini kwenda Boston kuisakia shule yake dola 5,000 isije ikafungwa. Chicago ilikuwa na miezi michache tu tangu ghasia za ubaguzi za Julai 1919, na wapo waliotaka isionyeshwe, kwa sababu inaonyesha waziwazi genge la wazungu likiwanyonga watu weusi.

Mwandishi wenu angetazama walau dakika zile za mwishoni. Nje, wazazi waliomlea Sylvia wanauawa. Ndani ya nyumba, Sylvia yuko peke yake na mzee wa kizungu aliyemvamia. Picha inaruka kati ya matukio hayo mawili. Preer anapambana naye chumba kizima, mpaka nguo inachanika, mzee analiona kovu kifuani na kutambua kwamba huyu ni binti yake wa kumzaa. Miaka mitano kabla ya hapo mwongozaji mzungu D. W. Griffith, katika filamu yake The Birth of a Nation, alikuwa ametuonyesha mweusi akimwinda msichana wa kizungu. Micheaux alikigeuza kibao, na mzigo wote wa tukio lile aliubeba Preer kwa macho na mikono, bila sauti.

Hata hivyo, kumwita mwigizaji wa filamu ni kumpunja, maana nyumbani kwake hasa palikuwa jukwaani. Alikuwa katika Lafayette Players, kundi lililoanzishwa na Anita Bush huko Harlem, mtaa wa weusi jijini New York, mwaka 1915, ambamo weusi walicheza kila aina ya tamthilia, si vichekesho na ngoma tu. Mwaka 1923 alipanda Broadway, kwenye kumbi kuu za tamthilia za New York, na kundi jingine la weusi, akacheza Salome ya Oscar Wilde. Mwaka 1926 mtayarishaji wa tamthilia David Belasco akamchukua katika Lulu Belle, tamthilia ya mwanamke mweusi wa Harlem. Mhusika mkuu akapewa nani? Lenore Ulric, mzungu aliyepakwa rangi. Preer, mwenye uzoefu wote ule, akapewa nafasi ya pembeni. Hapo ndipo yale masizi ya mwandishi wenu yangepata maana.

Alifariki Los Angeles mwaka 1932 kwa nimonia, miezi michache baada ya kumzaa mtoto wake wa pekee. Alikuwa na miaka 36.

Nakala ya Within Our Gates ilipatikana Madrid katika miaka ya 1970, ikiwa na maandishi ya Kihispania na jina La Negra, na Maktaba ya Bunge la Marekani ikaikarabati mwaka 1993. Leo inatazamwa bure kwenye intaneti. Naomba toleo lijalo mmpe Preer ukurasa wake, na kama nafasi ni finyu, punguzeni picha za Theda Bara. Zilikuwa nne.

Msomaji wenu,
Tanga