Jumamosi: leteni aya moja tu

Habari za jioni wanakikundi, wakutubi wenzangu mnaoandika tasnifu. Poleni na baridi, hasa mlioko Uyole.

Jumamosi saa 4 asubuhi tunakutana palepale Soweto, hapa Mbeya. Safari hii msilete sura nzima ya tasnifu. Kila mtu aje na aya moja ya mapitio ya maandiko, yaani sehemu inayojadili yaliyoandikwa na wengine kuhusu mada yako, imechapwa, nakala tatu.

Nimesoma rasimu zenu wiki hii. Karibu zote zinakwenda hivi: "Fulani (2018) alisema… Fulani (2020) naye alisema…" Hiyo ni foleni ya daladala Mwanjelwa, si mapitio. Sisemi kwa kujidai, mimi mwenyewe msimamizi alinirudishia kurasa 14, pembeni kaandika neno moja: "Kwa hiyo?" Niliumia siku mbili. Anza na hoja yako, mathalani kwamba msomaji anashindwa kutumia katalogi ya kompyuta ya maktaba kwa sababu vichwa vya mada (maneno ya kutafutia vitabu kwa mada) viko kwa Kiingereza. Kisha waite waandishi, wengine wakuunge mkono, wengine wakupinge.

Kuhusu APA, yaani mtindo wa kutaja vyanzo na kuandika marejeo, tumieni toleo la 7, la 2019. Ndani ya matini, chanzo chenye waandishi watatu au zaidi kinaandikwa jina la wa kwanza "na wenzake" tangu mara ya kwanza, na mji wa uchapishaji hauwekwi tena kwenye marejeo. Tukikosea sisi wakutubi, nani atapatia?

Mnaotoka Iringa njooni Ijumaa, basi la alfajiri halifiki saa 4. Chai ipo. Vitumbua kila mtu na vyake.